Josho lilikuwa na sumu tangu mwanzo

Ukipita karibu na josho la zamani kijijini, lile lililoota nyasi ndani, usilione kama shimo tu. Humo ndimo ng'ombe wa babu zetu walikuwa wakiogeshwa kwa aseniki. Ndiyo, ile sumu yenyewe! Enzi za mkoloni ndiyo ilikuwa silaha dhidi ya kupe wanaoeneza ndigana kali. Kupe walikufa, lakini ng'ombe mwenye kiu akiyanywa yale maji, alikufa pia.

Na dawa ya kumwokoa, dimekaproli, haikutokana na huruma kwa ng'ombe. Iliundwa Oxford wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kuwakinga watu dhidi ya lewisaiti, gesi ya vita yenye aseniki. Madaktari wa mifugo waliichukua baadaye.

Kupe wakazoea aseniki, zikaja dawa zingine, zikiwemo za oganofosfati. Hizi nazo ni ukoo mmoja na tabun, sumu ya neva aliyoigundua Gerhard Schrader huko Ujerumani 1936 akitafuta dawa ya wadudu. (Hebu fikiria.) Ng'ombe aliyezidishiwa hutoa mate mengi, hutetemeka, mboni husinyaa, akapumua kwa shida. Tiba ni atropini, tena upesi.

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anayajua haya yote. Mfugaji je? Anauziwa chupa pale agroveti, anapima kwa kifuniko, na ukiulizia atropini hapo kaunta unaangaliwa kama umeulizia ndege.