Rahisi si ghali kila mara: Kwa nini video nyingine hukataa kufunguka

NI jambo la kawaida siku hizi kwa familia kukabidhiwa video ya harusi, mahafali au mazishi ikiwa ndani ya flashi badala ya diski. Aghalabu faili hiyo huchezeka barabara katika tarakilishi ya mpiga picha, lakini ikifika nyumbani hutoa sauti bila picha, au picha bila sauti, au ujumbe mkavu kwamba aina hiyo ya faili haitambuliki.

Wengi hapo hukata kauli haraka. Baadhi hudhani faili imeharibika, wakaifuta. Wengine huamini kwamba programu waliyo nayo ni dhaifu kwa kuwa ni ya bure, wakatoa pesa kununua nyingine. Wapo pia wanaopakua chochote kinachojitokeza kwenye intaneti kikidai kuwa dawa ya tatizo hilo, na hao ndio hujuta zaidi.

Methali isemayo kwamba rahisi ni ghali haina mashiko sana katika suala hili. Bei ya programu ya kuchezesha video haielezi wingi wa aina za faili inazoweza kufungua. Mara nyingi programu ya bure hufungua nyingi kuliko ile ya kulipia. Yanayoamua ni mambo matatu: kilichomo ndani ya faili, sheria za hataza, na uwezo wa kifaa chenyewe.

KASHA NA KILICHOMO

Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, kama vile avi, mov, mp4, mkv au 3gp, hutaja kasha tu. Kasha la MOV lilitoka kwa kampuni ya Apple mwaka 1991, na AVI likaletwa na Microsoft mwaka 1992. MP4 lilijengwa juu ya msingi wa MOV. MKV, lililoanzishwa mwaka 2002, lilipata jina lake la Matroska kutokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaofichwa mmoja ndani ya mwingine. 3GP lilibuniwa kwa ajili ya simu za mkononi.

Ndani ya kasha mna picha na sauti, na kila moja imebanwa kwa mbinu yake. Kubana ni lazima. Video ya saa moja yenye picha 25 kwa sekunde, kila picha ikiwa na upana wa nukta 1920 na kimo cha nukta 1080, ingejaza zaidi ya gigabaiti 250 iwapo isingebanwa. Mbinu ya kubana na kukunjua tena huitwa kodeki. Kwa upande wa picha zipo MPEG-2, H.264, HEVC, VP9 na AV1. Kwa upande wa sauti zipo MP3, AAC, DTS na zile za kampuni ya Dolby.

Hii ndiyo sababu faili mbili zenye jina la mp4 zaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Moja huenda ina H.264, ambayo simu karibu zote huijua. Nyingine ina HEVC, ambayo tarakilishi nyingi za zamani haziielewi. Hii pia ndiyo sababu sauti yaweza kutoweka huku picha ikionekana vyema: programu inayo kodeki ya picha lakini haina ile ya sauti.

Kutokana na hayo, kubadilisha jina la faili kutoka mkv hadi mp4 hakusaidii. Ni sawa na kubandika karatasi ya sukari kwenye mfuko wa chumvi.

HATAZA NDIYO KIINI CHA BEI

Hataza ni haki ya kisheria ampayo serikali mvumbuzi ili asiigwe bila idhini kwa muda fulani. Kodeki nyingi maarufu zimejaa hataza za makampuni mengi, na anayetengeneza programu ya kuzikunjua hutakiwa kulipa.

H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, ni mfano mzuri. Shirika la MPEG LA la Marekani, ambalo mwaka 2023 liliunganishwa na jingine kuwa Via LA, liliweka utaratibu kwamba nakala 100,000 za kwanza kwa mwaka hazilipiwi. Baada ya hapo kila nakala hulipiwa senti 20 za dola, na zikipita milioni tano ada hushuka hadi senti 10. Kiasi hicho ni kidogo kwa mnunuzi mmoja, lakini ni mzigo kwa anayegawa programu bure kwa mamilioni ya watu.

Mwaka 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba ingetoa programu yake ya H.264 bure na kulipa ada hizo yenyewe, na kivinjari cha Firefox kikanufaika. HEVC, iliyokamilishwa mwaka huo huo wa 2013, ilizua utata mkubwa zaidi kwani wenye hataza waligawanyika katika makundi kadhaa, kila kundi likidai ada yake.

Watumiaji wa kawaida walihisi athari hizo bila kujua chanzo. Microsoft ilipotoa Windows 8 mwaka 2012, iliondoa uwezo wa kuchezesha DVD katika programu yake ya kawaida ya video. Baadaye, wenye Windows 10 waliotaka kuangalia video za HEVC walielekezwa dukani kununua nyongeza kwa senti 99 za dola. Tarakilishi ndogo ya Raspberry Pi ilipoingia sokoni, wamiliki waliotaka kifaa chao kikunjue MPEG-2 kwa kasi waliuziwa leseni kwa pauni 2.40 za Uingereza kuanzia Agosti 2012, na ile ya VC-1 kwa pauni 1.20.

Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba HP na Dell zilikuwa zimezima uwezo wa kukunjua HEVC katika baadhi ya tarakilishi zao za kubebeka, ijapokuwa vichakataji vilivyomo viliujua. Hivyo basi, hata mashine mpya na ya bei si dhamana.

KWA NINI VLC HUFUNGUA KARIBU KILA KITU

Programu ya bure inayojulikana zaidi ni VLC, yenye nembo ya koni ya rangi ya machungwa inayowekwa barabarani. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa. Tarehe 1 Februari 2001 ilitolewa kwa leseni huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kusoma maandishi ya kitaalamu yaliyoiunda, kuyarekebisha na kuyasambaza. Tangu mwaka 2009 inasimamiwa na shirika lisilo la faida, VideoLAN. Mnamo Januari 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba programu hiyo ilikuwa imepakuliwa mara bilioni sita.

Siri yake ni mbili. Kwanza, hubeba kodeki zake zenyewe ndani yake, haitegemei zile za Windows au za simu. Nyingi kati ya hizo hutoka katika mradi mwingine huria uitwao FFmpeg, ulioanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Pili, makao yake ni Ufaransa. Ibara ya 52 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973 inasema kwamba programu za tarakilishi, kwa hali yake ya programu tu, si uvumbuzi wa kupewa hataza. Mnamo Julai 2005, Bunge la Ulaya lilitupilia mbali mswada ambao wapinzani wake waliona ungefungua mlango kwa hataza hizo, kwa kura 648 dhidi ya 14. VideoLAN husimama juu ya msingi huo wa kisheria.

Kampuni inayouza programu yake Marekani na kwingineko haina kinga kama hiyo. Haina budi kulipa, kumtoza mteja, au kuondoa kodeki husika. Ndipo tunaona kinyume cha matarajio: programu iliyonunuliwa ikakataa sauti ambayo ile ya bure huitoa.

MX Player, iliyopata umaarufu mkubwa katika simu za Android, ilikumbwa na hali hiyo. Iliwahi kuondoa uwezo wa kukunjua baadhi ya sauti za DTS na Dolby kwa sababu za leseni, na waliokuwa wamelipia toleo lake lisilo na matangazo walipoteza sauti hizo sawa na wasiolipa. Watumiaji walilazimika kutafuta kodeki ya ziada na kuiunganisha wenyewe.

MLIPAJI HUNUNUA NINI?

Haya yote hayamaanishi kwamba programu za kulipia ni ulaghai. Zipo huduma ambazo programu huria haiwezi kuzitoa kihalali kwa wepesi. Diski za Blu-ray hulindwa kwa kufuli la kidijitali, na ufunguo hutolewa kwa wenye leseni. Ndiyo maana kampuni ya CyberLink ya Taiwan, inayotengeneza PowerDVD, imekuwa ikiweka uwezo wa Blu-ray katika toleo la bei ya juu, huku la bei nafuu likiishia kwenye DVD.

Mteja pia hulipia kuondolewa kwa matangazo, mpangilio mzuri wa maktaba ya filamu na msaada anapokwama. Hayo ni manufaa halisi, lakini hayahusu wingi wa aina za faili.

Kuna pia mambo ambayo malipo hayaokoi. Filamu iliyopakuliwa ndani ya Netflix imefungwa kwa kufuli lake na huchezeka humo tu. Na iwapo simu haina sehemu ya kukunjua AV1 katika kichakataji chake, programu yoyote italazimika kufanya kazi hiyo kwa nguvu ya jumla ya simu. Betri itaisha haraka na picha huenda ikakwamakwama.

KUMBUKUMBU ZA ZAMANI

Suala hili lina uzito zaidi tunapotazama kumbukumbu za familia. Kabla ya flashi, video nyingi za harusi na hata filamu za River Road jijini Nairobi zilihifadhiwa katika VCD, diski zilizotumia kodeki ya MPEG-1 na faili zenye herufi dat. Baadaye zikaja video fupi za 3GP zilizorekodiwa kwa simu za Nokia. Miongoni mwazo mna sura na sauti za wazee ambao hawapo tena.

Kampuni hubadilisha mkondo wa biashara bila kujali kumbukumbu hizo. QuickTime ya Apple iliwahi kuuzwa kwa takriban dola 30 katika toleo lake la Pro, na hadi mwaka 2007 hata kuonyesha video kwa ukubwa wa skrini nzima kulikuwa kwa waliolipa. Mwaka 2016 Apple iliacha kuhudumia QuickTime ya Windows, na idara ya usalama wa mitandao ya serikali ya Marekani ikawashauri watu kuiondoa kwa sababu ya kasoro za kiusalama. Waliolipa hawakuwa na la kufanya.

Programu huria haitegemei kampuni moja. Maadamu maandishi yake yako wazi, mwingine aweza kuyachukua na kuendeleza kazi. VLC ya leo bado hufungua VCD na 3GP.

Isitoshe, hataza huisha. Zile za MP3 zilikwisha mwaka 2017, na za MPEG-2 zikakwisha Marekani mwaka 2018. Muungano wa Alliance for Open Media, ulioanzishwa mwaka 2015 na makampuni kama Google, Netflix, Amazon na Mozilla, ulitoa AV1 mwaka 2018 ili kupatikane kodeki isiyotozwa ada.

LA KUFANYA

Video ikikataa kufunguka, usiifute. Ijaribu kwanza katika VLC. Ikifunguka, bonyeza Ctrl na J katika tarakilishi ya Windows na utaona kodeki ya picha na ya sauti. Programu ya bure ya MediaInfo nayo hutoa maelezo hayo kwa undani.

Baada ya kujua kilichomo, waweza kuibadilisha kwa programu ya bure ya HandBrake iwe MP4 yenye H.264 na AAC, mchanganyiko unaokubalika karibu kila mahali. Kumbuka kwamba kubana upya hupunguza ubora kidogo, kwa hivyo hifadhi faili ya asili. Vyema zaidi, mwambie mpiga picha tangu mwanzo akupe faili ya aina hiyo.

Jiepushe na tovuti zinazokwambia upakue kodeki fulani ndipo video ifunguke. Kirusi kilichoitwa Zlob kilisambaa tangu mwishoni mwa 2005 kwa hila hiyo hiyo, kikijifanya kodeki. Hata VLC yenyewe imeigwa na matapeli walioifungasha pamoja na programu za matangazo. Ipakue kutoka tovuti ya videolan.org au katika duka rasmi la simu yako.

Iwapo bado unataka kulipia programu, uliza kwanza kodeki ipi imo ndani ya faili yako na iwapo muuzaji ameitaja waziwazi. Asipoitaja, hakuna sababu ya kutoa pesa.