Kutoka Burnt Forest hadi New York: jinsi ya kujua ndege itapita wapi

Mzazi wa Burnt Forest anayemsindikiza mwanawe kwenda Marekani huuliza, "Watapitia wapi?" Swali hilo lina majibu mawili, na wengi huyachanganya.

Jibu la kwanza ni vituo. Matatu hadi Eldoret, ndege hadi Nairobi, kisha New York. Haya yamo kwenye tiketi, nayo isomwe vizuri: baadhi ya ndege za Eldoret hutua Wilson, si Jomo Kenyatta, na foleni ya magari ya Nairobi inaweza kukukosesha safari kubwa. Ukiunganisha ndege nchi nyingine, uliza mapema kama wanadai viza ya kupita.

Jibu la pili ni njia ya angani, na hiyo hutaikuta kwenye tiketi yoyote. Hupangwa saa chache kabla ya kuondoka, kampuni ikishatazama upepo, uzito wa ndege, ada za kila nchi na anga zilizofungwa. Hata ndege ikiwa hewani, waongozaji wa chini huweza kumpa rubani njia ya mkato. Anayekuapia wiki moja kabla kwamba mtapita juu ya Misri anabahatisha tu.

Hata hivyo unaweza kukisia kwa akili. Ramani ya ukutani inadanganya kwa kuwa dunia ni duara. Chukua tufe la shuleni, ukaze uzi kutoka Nairobi hadi New York. Uzi utapita Uganda, Sudan Kusini, kando ya Darfur, Chad, Niger, Algeria na Morocco, kisha Atlantiki: takriban kilomita 11,800. Asiye na tufe aingie tovuti ya Great Circle Mapper aandike NBO-JFK. Mstari ni uleule.

Lakini uzi haujui vita. Anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 mapigano yalipozuka Khartoum, na ndege nyingi za Ulaya na Afrika Mashariki zikalazimika kuizunguka. Mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, Niger nayo ilifunga anga yake kuanzia Agosti 6 hadi Septemba 4. Na wanaopitia Ghuba wanakumbuka Juni 23, 2025, Qatar ilipofunga anga kwa saa kadhaa, ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikageuzwa. Mzunguko wa namna hii huongeza muda na mafuta, na aliyepanga kuunganisha ndege kwa saa moja ndiye anayeumia. Binafsi ningeacha nafasi ya saa tatu, hata kama tiketi hiyo ni ghali kidogo.

Njia ya uhakika zaidi ni kutazama ndege hiyohiyo ilipita wapi siku zilizotangulia. Kenya Airways huruka moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 28, 2018, kwa nambari KQ002, na kurudi ni KQ003. Fungua Flightradar24, andika KQ2, uone safari za siku saba zilizopita bila malipo. Tazama tatu au nne, si moja. Zikifanana, ya kwenu huenda ikafuata hapohapo. Kwenda huchukua kama saa 15. Kurudi hupungua kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kuelekea mashariki.

Kwa msafiri anayeswali, ramani hiyo ina faida nyingine. Ndege huondoka usiku na kukimbia kuelekea magharibi, kwa hiyo usiku unarefuka. Alfajiri yako itakuwa ya pale ndege ilipo, si ya Nairobi. Mkiwa juu ya Algeria, Makka iko nyuma yako upande wa kulia.

Sasa kwa aliyebaki nyumbani na simu mkononi. Flightradar24 hutegemea zaidi vipokezi vilivyo ardhini, vingi vikiwa vya watu wa kujitolea. Jangwani Sahara ni vichache, na katikati ya bahari havipo. Kwa hiyo alama ya ndege inaweza kuganda, kuchorwa kwa makadirio, au kutoweka kabisa kwa saa nzima huku abiria wamelala zao. Usimpigie simu nyanya yake saa tisa usiku. Tazama jinsi ilivyokuwa jana: mara nyingi utakuta ilitoweka palepale, ikaibuka tena ilipokaribia pwani ya Amerika.