Dawa, Unga na Kondo la Nyuma: Mizani ya Pwani ya Kilifi

Mwaka 1996 na 1997, wanawake 1,264 waliokuwa na mimba ya kwanza waliandikishwa kwenye utafiti wilayani Kilifi. Baadhi yao walipewa SP, dawa ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar, na wengine walipewa vidonge vya mfano huo huo visivyo na dawa ndani. Siku hizo malaria ilikuwa bado ikitibiwa kwa klorokwini, na klorokwini ilikuwa tayari imezoewa na vimelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la The Lancet. Mimba zilipokaribia kutimia, vimelea vilionekana kwenye damu ya asilimia 35 ya wanawake waliokosa dawa, na asilimia 5 tu ya walioipata. Waliopungukiwa damu vibaya walikuwa karibu asilimia 24 upande mmoja na chini ya asilimia 15 upande wa pili. Takwimu hizo zina uzito, lakini kinachonivutia zaidi ni ujasiri wa jaribio lenyewe: dawa ilitolewa kwa wanawake ambao hawakulalamika homa, na watafiti wakijua fika kwamba inapenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hoja yangu inaanzia hapo. Swali la kama dawa fulani itamdhuru mtoto aliye tumboni, likiulizwa peke yake, hupotosha. Pwani ya Kilifi na Malindi imelazimika, mara mbili katika muda usiofika miaka thelathini, kuuliza na lile la pili: asipoipata mama, ni nini kitakachomdhuru mtoto huyo?

Udaktari wenyewe ulichelewa kufika hapo, kwa sababu kwa muda mrefu kondo lilidhaniwa kuwa ukuta. Dhana hiyo ilianza kubomoka mwaka 1941, pale daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alipohusisha mtoto wa jicho kwa watoto wachanga na rubela waliyougua mama zao wakiwa na mimba changa. Ikaanguka kabisa na thalidomaidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyoingia sokoni Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono na miguu isiyokamilika. Leo tunajua kwamba kondo ni kama forodha: hukagua, hutoza, huzuia baadhi ya mizigo, na mingine huipitisha bila kuifungua. Molekuli ndogo zinazoyeyuka katika mafuta hupita kwa urahisi. Pombe hupita, nikotini hupita, mofini hupita, na madini ya risasi hupita pia, kama zilivyopaswa kujua mamlaka zilizoacha kiwanda cha kuyeyusha betri kifanye kazi Owino Uhuru, Mombasa, ubavuni mwa nyumba za watu. Heparini haipiti, kwa kuwa molekuli yake ni kubwa mno. Na kadiri mimba inavyokua, utando unaotenganisha damu ya mama na ya mtoto huzidi kuwa mwembamba.

Malaria ina ujanja wake. Mwaka huo huo wa 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo kutoka magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunasa kwenye sukari fulani iliyotandazwa juu ya kondo, nazo hujikusanya hapo. Ndiyo maana mama anaweza kutobolewa kidole, damu ikaonekana safi, ilhali kondo limejaa. Ndiyo maana pia mimba ya kwanza huathirika zaidi, kwani mwili haujapata kukutana na vimelea vya namna hiyo na haujaunda kinga dhidi yavyo. Kondo lililosongwa hivyo halimlishi mtoto vizuri, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Kwa watu wa pwani ambao kwa desturi hulizika kondo, na wakunga wao hulitazama kama limetoka zima kabla ya kulifukia, ugonjwa huo ulikuwa haujulikani, si kwa uzembe wa mkunga bali kwa sababu jicho haliuoni. Ilibidi kipande kikatwe, kikaushwe, kitiwe rangi na kuwekwa chini ya darubini.

Atakayepinga atasema: je, hatukufunzwa na thalidomaidi kwamba hadhari ni bora? Tulifunzwa, ila funzo tulilibeba nusu. Baada ya 1961 wajawazito waliondolewa kwenye majaribio mengi ya dawa, na dawa ambayo haikujaribiwa kwao ikahesabiwa kuwa ya hatari hata pale ushahidi ulipokuwa haupo. Tazama yaliyotokea kwa AL, mchanganyiko ambao Kenya iliuteua mwaka 2004 kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Kwa sababu majaribio ya wanyama yaliitilia shaka, mwenye mimba changa alibaki na kwinini, kwa siku saba, na mlio wa masikio na sukari inayoshuka mwilini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza AL kwa miezi mitatu ya kwanza mwaka 2022. Hadhari ya miaka yote hiyo nayo ilikuwa na gharama, ila gharama yake haikuandikwa popote, kwa kuwa mimba iliyoharibika kwa homa huitwa kudra na iliyoharibika kwa kidonge huitwa kosa la daktari.

Wapo pia wanaouliza kwa nini vyandarua visitoshe. Vilijaribiwa Kilifi kwa wenye mimba za kwanza kabla ya SP, na kinga iliyotarajiwa dhidi ya upungufu wa damu haikuonekana. Huko Nyanza, baadaye, vilisaidia. Kenya ikaamua mwaka 1998 kutoa SP kwa wajawazito wa maeneo yenye malaria nyingi: vidonge vitatu vinavyomezwa kwa pamoja mbele ya muuguzi, si katika miezi mitatu ya kwanza. Na mizani yenyewe haijatulia. Vimelea vya Afrika Mashariki vimeizoea SP sana, lakini utafiti uliofanywa Kenya, Malawi na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023 ulileta jambo la kushangaza: piperakwini iliyochanganywa na dawa ya jamii ya artemisinini ilizuia malaria vizuri zaidi, ila watoto wa waliomeza SP hawakufanya vibaya zaidi, na kwa uzito walikuwa na nafuu.

Mzigo wa pili ulipitia Malindi. Heroini iliota mizizi katika mji huo wa watalii tangu miaka ya 1980, kwanza ile ya rangi ya udongo iliyovutwa, kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, nyeupe iliyofaa kuyeyushwa na kudungwa. Mtaani huitwa unga, huuzwa kwa kete, na wanaoutumia huitwa mateja. Mradi wa Omari ulianzishwa Malindi mwaka 1995 kuwahudumia, na mtafiti Susan Beckerleg, aliyeandika sana juu ya watumiaji wa pwani hii, alionyesha kwamba wanawake walikuwemo tangu awali, wakijificha zaidi kuliko wanaume kwa kuwa aibu yao ilikuwa kubwa zaidi. Teja aliye mjamzito haathiriwi na unga tu. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, ikavuka kondo ndani ya dakika chache; saa chache baadaye huisha, na arosto, yaani mateso ya kuukosa unga, ikaanza. Arosto hiyo haimshiki mama peke yake. Mfuko wa uzazi hujikaza, damu inayofika kwenye kondo hupungua, na mimba inaweza kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati. Kondo la mwanamke huyo hupandishwa na kushushwa mara kadhaa kwa siku, kila siku, na kupanda huko na kushuka ndiko kunakoumiza.

Kwa hiyo ushauri unaoonekana wa busara kuliko wote, yaani "acha leo kwa ajili ya mtoto," ndio wenye hatari. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito aliyezoea heroini apewe dawa mbadala, methadoni au buprenofini, kuliko kukatizwa ghafla. Kenya ilianza kutoa methadoni mwishoni mwa mwaka huo katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka 2015 huduma ikafika hospitali ya Malindi. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na nguvu yake hushuka polepole, hivyo kondo hupata utulivu.

Pingamizi lililosikika, misikitini na serikalini, ni kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, tena kwa fedha za umma. Sehemu moja ya pingamizi hilo ni kweli: methadoni nayo hupenya kondo, na watoto wengi huzaliwa wakiwa wameizoea. Ila hali hiyo inatambulika na inatibika, na mtoto aliyezaliwa mapema mno wodi isiyo na mashine za kutosha ni vigumu kumwokoa. Nashuku pia kwamba ukali wa lawama haulingani na ukubwa wa madhara. Mnazi hugemwa Kaloleni na Ganze vizazi na vizazi, mtamu asubuhi na mkali jioni, na pombe iliyomo humdhuru mtoto kwa namna isiyorekebishika baada ya kuzaliwa, jambo ambalo mofini haijathibitika kufanya kwa kiasi hicho. Hata hivyo mjamzito mwenye kata ya mnazi arusini hazomewi kama anavyozomewa teja kliniki.

Kuzomewa huko kuna matokeo ya kitabibu. Katika miezi ya mwisho mwili wa mjamzito huivunja methadoni haraka zaidi, na kipimo chake hulazimika kuongezwa au kugawanywa mara mbili kwa siku. Mhudumu asiyejua hudhani mama ameanza tena unga. Baada ya kujifungua, dalili za mtoto aliyezoea heroini hutokea kwa kawaida siku ya kwanza, ilhali za methadoni zinaweza kungoja hadi siku ya tatu au zaidi: kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kukataa titi. Mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja, kwa sababu hakuthubutu kumwambia mkunga anachotumia, atakuwa ameshafika mtaani kwake, Maweni au Shela, dalili hizo zinapoanza.