Hongo

Neno hongo, ambalo leo halitajwi ila kwa lawama, kwa kuwa maana yake kwetu ni rushwa, lilikuwa katika karne ya 19 jina la ushuru ambao watawala wa bara waliutoza hadharani, na misafara ikaulipa kwa nguo na shanga kabla ya kupewa ruhusa ya kupita. Novemba 1871, Henry Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita Buha, nchi ya falme kadhaa, miongoni mwao Heru huko Kasulu na Muhambwe huko Kibondo, kila moja chini ya Mwami, yaani mfalme, na watware wake, yaani watawala wadogo; na hongo aliyodaiwa njiani ilimwelemea hata akatoroka usiku na msafara wake, akikwepa vijiji.

Basi, kwa kuwa hongo hiyo ilikuwa pato la watawala, kijana wa Kasulu au Kibondo atakaye kubuni katika riwaya dola ya kijeshi yenye kusadikika, nampa nasaha hii: kabla ya kuhesabu mikuki na bunduki, na abainishe jeshi lile hulishwa na nani, na kwa haki gani. Kwa mfano, mtemi Mirambo wa Urambo, katika vita vyake na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe vya 1871 hadi 1875, hakutegemea ushujaa wa rugaruga, askari wake, peke yake. Aliifunga njia ya Ujiji, iliyopitisha pembe za ndovu, akawadhikisha maadui zake katika riziki yao. Dola isiyo na hazina, hata msimulizi awe fasaha kiasi gani, msomaji mwenye akili hataisadiki.