Sandarusi: Nani Aliyehesabu Mashimo?

Ratili 800,000 hadi 1,200,000 kwa mwaka. Hayo ndiyo makadirio ya sandarusi, utomvu wa mti ulioganda, iliyosafirishwa kutoka Unguja miaka ya 1850, kama alivyoyaandika msafiri mmoja wa Kiingereza aliyeelekea bara mwaka 1857. Frasila ya biashara ya pwani ilikuwa ratili 35 hivi, kwa hiyo tunazungumzia frasila kati ya 23,000 na 34,000 kila mwaka. Sehemu kubwa yake ilichimbuliwa kwa mkono kwenye mchanga mwekundu wa Mrima, pwani ya bara inayoielekea Unguja. Leo ukiuliza ni nini kilichoitajirisha Unguja ya karne ya 19, utaambiwa karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Sandarusi imepotelea wapi?

Nilianzia pale inapouzwa bado. Nyuma ya soko la Kariakoo kuna wauza ubani, udi na mizizi ya dawa, na mmoja wao alinitolea kopo la vipande vya rangi ya asali. Vilikuwa vyepesi na laini mkononi. Kimoja kilikuwa na mdudu ndani, mbawa zake zimekunjamana. Nilidondosha tone la spiriti juu yake, nikasubiri kidogo, nikagusa: kidole kikanata. Utomvu uliokaa ardhini muda mrefu haulegei upesi hivyo. "Hii ni ya mtini, kaka," muuzaji alisema bila kuona haya. "Ile ya chini hatuletewi tena." Kama ya chini haiji tena, imekwisha, au hakuna anayeichimba?

Tofauti hiyo ndiyo iliyopanga bei. Msandarusi ni mti wa misitu ya pwani na utomvu wake hutoka gomeni. Ule mbichi, chakazi, ulidharauliwa. Uliotafutwa ni ule ulioanguka, ukafukiwa, ukakaa mpaka ukawa mgumu na kuota vipele vidogo juu yake, ambavyo huonekana ukishaoshwa ganda la mchanga. Viwandani uliyeyushwa kwa moto mkali, ukachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ukawa vanishi ya magari ya farasi na samani za Ulaya na Marekani. Magari hayo yalinyeshewa mvua na yakabaki yaking'aa. Lakini mng'aro ule ulinunuliwa kwa kiasi gani, na nani aliandika?

Hapo nikageukia nyaraka. Mwaka 1833 Marekani iliandikiana mkataba na sultani wa Maskati, ambaye ndiye aliyetawala Unguja, na ushuru wa bidhaa ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 balozi wa Marekani akafika Unguja. Mkataba na Uingereza ukafuata mwaka 1839, na ndani yake kuna kipengele kilichonisimamisha: pembe na sandarusi za kipande cha pwani kinachoishia Kilwa kwa upande wa kusini vilitengewa sultani. Mtawala hajipi haki ya peke yake juu ya kitu kisicho na thamani. Basi daftari la ushuru wa kipande kile liko wapi?

Hapo njia ikafungwa. Forodha ya Unguja ilikuwa imekodishwa. Mfanyabiashara alimlipa sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa faida yake mwenyewe. Vitabu vilikuwa vyake, na kuvifunua kungekuwa sawa na kumwambia sultani mwaka ujao apandishe kodi. Ndiyo maana takwimu tulizo nazo ni za mabalozi na wasafiri waliokuwa wakiuliza huku na huko, wakipiga hesabu kwa macho. Hata namba niliyoanzia makala haya ni ya aina hiyo. Naiamini kwa ukubwa wake wa jumla tu. Je, upande wa mnunuzi walihesabu vizuri zaidi?

Walihesabu, lakini hesabu yao ilikuwa ya kitu kingine. Wanunuzi wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Merikebu zao zilileta merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyotoka viwanda vya jimbo hilo, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Salem palikuwa na kiwanda cha kuiosha, kuipanga kwa ukubwa na rangi, na kuiuza kwa watengeneza vanishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Marekani ikaitoza ushuru sandarusi isiyosafishwa, na sehemu kubwa ya kazi ya kuosha ikahamia Unguja. Vitabu vya namna hii hutaja uzito ulioingia, uzito uliopotea katika kuosha, na faida. Shimo halina safu yake. Tuitegemee basi ardhi yenyewe itusimulie?

Nilishuka Gongo la Mboto, nikapanda vilima vya Pugu hadi Kisarawe, nchi ya Wazaramo. Nilipelekwa kwa mzee mmoja niliyeambiwa kuwa anajua mambo ya kale. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, mjukuu wangu," akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Hapa kila shimo lina mwenyewe wa kulisimulia. Wewe unataka shimo gani?" Alinitangulia hadi kwenye bonde dogo, upana wa kitanda cha kamba, limejaa majani makavu. Alisema baba yake alimwonyesha. Mjukuu wake, kijana mwenye panga, akachokoa udongo kwa ncha, ukatoka mweusi na vipande vya kaa. "Babu, hili ni tanuri la mkaa." Mzee hakubishana. Ikiwa mashimo ya juzi yanafanana na ya karne ya 19, tutajuaje nani alichukua nini?

Kusema kweli sikutegemea zaidi. Wasafiri wa zamani wanaeleza kuwa wachimbaji hawakuchimba migodi. Walichimba tundu la futi chache, wakaingiza mkono, wakatoa walichokuta, wakahamia hatua kadhaa mbele. Mvua za masika mbili tatu zinatosha kulifuta tundu la namna hiyo. Lakini hao hao walioeleza kazi hii ndio walioacha hadithi ya kwanza iliyozoeleka: kwamba sandarusi ilikuwa tele, tatizo lilikuwa uvivu wa wenyeji. Huo nao ni ushahidi, au malalamiko ya mnunuzi?

Nauweka kwenye malalamiko. Mzaramo wa mwaka 1857 alikuwa mkulima. Alichimba baada ya shamba, na alilipwa nguo, si fedha. Kati yake na merikebu walisimama majumbe waliotoza njiani, wachuuzi wa pwani, mfanyabiashara wa mjini na mwenye forodha. Mtu anayepata pande la nguo kwa kazi ya siku nyingi ana haki ya kurudi kwenye muhogo wake. Zaidi ya hayo, mvivu hatoi frasila 20,000 kwa mwaka. Tukiiweka kando hadithi hiyo, inabaki ya pili, ninayoisikia zaidi siku hizi: kwamba ilichimbwa yote ikaisha. Hiyo je, ina miguu?

Ina mguu mmoja. Kweli biashara ilififia. Lakini angalia kilichotokea kwingine. New Zealand ilikuwa ikichimba utomvu wa mti wa kauri kwa wingi mkubwa. Katika karne ya 20 Kongo ikawa muuzaji mkubwa duniani wa kopali, utomvu wa jamii ya sandarusi. Kisha viwanda vya kemikali vikatengeneza vanishi isiyohitaji mti wowote. Kuanzia miaka ya 1870 pwani yetu nayo ilikuwa imepata bidhaa mpya, mpira wa mwitu unaotokana na mbungo, na wachimbaji wengi wakawa wagemaji. Kwa mujibu wa hadithi hii ya tatu, sandarusi iliachwa ardhini. Tuchague ipi?

Nadhani swali hilo limewekwa vibaya. Mali ya ardhini haimalizwi kwa kutolewa kipande cha mwisho. Kwanza vinakwisha vipande vya juu, vya karibu na pwani, vya msituni penye udongo laini. Vinavyobaki viko mbali au chini zaidi, na kila ratili inagharimu jasho zaidi. Mnunuzi hajali jasho hilo, analinganisha bei tu. Anapopata kauri au kopali ya Kongo kwa unafuu, anaondoka, na vitabu vyake vitaandika kuwa soko limebadilika. Kuisha na kushindwa sokoni ni jambo moja lililotazamwa kutoka ncha mbili. Lakini hoja hii inasimama tu ikiwa kilichochimbwa hakikuwa kikirudi. Je, kilikuwa kikirudi?

Hapa sayansi ya karibuni imenisaidia kuliko nyaraka zote. Wazungu wa karne ya 19 waliamini wanachimba mabaki ya msitu wa enzi za kale, msitu uliokwisha kufa. Daktari mmoja wa ubalozi wa Uingereza Unguja alishuku, akalinganisha majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande na yale ya mti ulio hai, akakuta ni mti ule ule. Vipimo vya kaboni vya siku zetu vimekwenda mbali zaidi. Sandarusi nyingi ya Afrika Mashariki ina umri wa mamia au maelfu ya miaka, si mamilioni. Nyuki wadogo walionaswa mle ndani waliruka wakati babu zetu wakilima. Kwa hiyo ardhi ile haikuwa mgodi wa mawe. Ilikuwa akiba ya msitu, inayoongezeka kidogo kidogo kila mti unapodondosha. Ni nini hutokea akiba ya karne nyingi inapotolewa kwa miaka 60 au 70?

Hesabu inapendeza sana, hilo ndilo hutokea. Forodha inajaa. Nyumba za mawe zinapanda ghorofa Mji Mkongwe. Merikani inavaliwa mpaka bara. Mtu anavunja kibubu, anakiita kilichomo mshahara, na kwa kuwa ni kingi anasema mwaka huu kazi imelipa. Mpira wa mwitu ulifuata mkondo ule ule, tena kwa kasi, kwa sababu wagemaji wengi waliona ni rahisi kuukata mbungo wote kuliko kuuchanja kwa subira. Pembe ilikuwa imetangulia. Tembo wa karibu walipopungua, misafara ilisogea Tabora, kisha Ujiji, kisha Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila mara ramani ya biashara ilipanuka, na waandishi wakaita upanuzi huo ustawi. Waliokuwa wakiuza wenyewe waliuonaje?

Kwa hilo nina vipande tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kijerumani ulianza kutenga misitu ya hifadhi kwenye nchi hizi hizi, na mtu aliyezoea kuingia msituni kuchimba, kugema na kukata boriti akajikuta mvamizi. Wapo wanahistoria wanaohesabu kufungwa huko kwa misitu miongoni mwa mambo yaliyochochea vita vya Maji Maji vya 1905. Wengine wanaweka uzito wote kwenye pamba ya kulazimishwa, ambayo ndiyo iliyowasha moto Umatumbi. Sioni haja ya kuwapatanisha kwa nguvu. Kinachonivutia ni mfuatano wa mambo: akiba ilitumika wakati msitu uko wazi kwa biashara, na hifadhi ikaja baada ya kilicho rahisi kuchukuliwa. Aliyekuja kuombwa subira ndiye aliyefaidi?

Kwenye barabara ya kurudi Dar es Salaam tulipishana na malori ya mchanga. Nilianza kuyahesabu, nikaacha. Mchanga huo unakuwa ghorofa, ghorofa inaingia kwenye takwimu za ujenzi, ujenzi unaingia kwenye Pato la Taifa, na pato likisomwa bungeni mwezi Juni limekua. Magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara nayo yana fungu lake, yakikadiriwa. Sina ugomvi na ghorofa. Ninaishi ndani ya moja. Ila nimeshasoma vitabu vya Salem, na nikatafuta safu ile ile inayokosekana: kilichobaki chini kiko ukurasa gani?

Huenda kikapata ukurasa. Mwaka 2025 mwongozo mpya wa kimataifa wa hesabu za taifa ulipitishwa, na moja ya mabadiliko yake ni kwamba kupungua kwa mali asili kuhesabiwe kama gharama ya uzalishaji. Nchi zitauanza taratibu katika miaka ijayo. Jicho la mashaka likae wazi, maana pato ghafi, lile la vichwa vya habari, halitaguswa. Kinachokatwa ni pato halisi, ambalo magazeti hayalisomi. Lakini tuseme kanuni hiyo ingekuwapo mwaka 1857 na karani mwaminifu akakaa pale forodhani Unguja, na mbele yake ziko frasila 23,000 zilizotoka ardhini mwaka huo. Atazikata kwa bei gani: ile ya pande la nguo alilopewa mchimbaji Kisarawe, au ile ya mnunuzi wa vanishi Salem?