Kuwasha upya simu kwa ratiba

Kuwasha upya simu kwa ratiba ni kuipangia simu janja siku na saa ya kujizima na kujiwasha yenyewe, bila mwenye simu kubonyeza kitufe. Muda unaochaguliwa mara nyingi ni usiku wa manane, wakati simu haitumiki. Mpangilio huu hupatikana katika simu nyingi za Samsung na katika baadhi ya simu nyingine za Android. iPhone haina menyu maalumu ya kazi hiyo, ingawa tangu mwaka 2024 hujiwasha upya yenyewe kwa sababu za usalama ikikaa siku tatu bila kufunguliwa.

Watu wengi huuchagua mpangilio huu wakitaka simu iwe nyepesi. Faida hiyo ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyosemwa. Jambo zito zaidi ni hali ya simu baada ya kuwaka na kabla mwenyewe hajaweka namba yake ya siri. Katika muda huo data zake zimefungwa kwa namna ambayo ni vigumu sana kuivunja, na wakati huohuo huduma kadhaa ambazo mtu huzitegemea akiwa amelala hazifanyi kazi.

Sababu za kuwasha upya

Programu inapofanya kazi huomba sehemu ya kumbukumbu ya simu, na inapomaliza hutakiwa kuirudisha. Programu yenye kasoro huendelea kuomba bila kurudisha. Ikiwa ni programu ya kawaida, Android na iOS huifunga zenyewe pale kumbukumbu inapopungua, kwa hiyo hakuna haja ya kuzima simu nzima. Tatizo huja kasoro inapokuwa ndani ya mfumo wenyewe, kwa mfano katika sehemu inayoendesha kamera, sauti au mtandao. Sehemu hizo haziwezi kufungwa na kufunguliwa na mtumiaji, na kuwasha simu upya ndiko kunakozirudisha mwanzo. Ndiyo maana simu iliyokataa kushika mtandao wa 4G au iliyopoteza sauti ya spika mara nyingi hupona baada ya kuzimwa na kuwashwa.

Kasoro zinazotokana na kifaa kuwaka muda mrefu si za simu peke yake. Kompyuta za Windows 95 na Windows 98 ziliweza kukwama baada ya siku 49.7, kwa sababu namba iliyohesabu milisekunde tangu kuwashwa ilijaa na haikuwa na nafasi ya kuendelea. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wake mara kwa mara, baada ya kugundulika kwamba vidhibiti vya jenereta zake vingeweza kujizima vikifikisha siku 248 bila kupumzishwa.

Kuwasha upya hakuongezi nafasi ya kuhifadhi picha na video, hakuponyi betri iliyochoka, na hakuifanyi simu ya zamani iwe mpya. Dakika chache za kwanza baada ya kuwaka, simu huwa nzito kidogo kuliko kawaida, maana kila programu inaanza upya. Mara moja kwa wiki inatosha kwa simu nyingi. Kufanya hivyo kila siku hakuna faida ya ziada kwa upande wa kasi.

Katika simu za Samsung

Katika simu za Samsung Galaxy mpangilio huu umo ndani ya Mipangilio, katika sehemu ya betri na utunzaji wa kifaa. Kwenye matoleo ya karibuni uko chini ya uboreshaji wa kiotomatiki. Katika matoleo ya zamani hufikiwa kwa kugusa nukta tatu zilizo juu ya ukurasa. Majina na mahali hubadilika toleo kwa toleo, hivyo njia ya haraka ni kutumia kisanduku cha kutafuta kilicho ndani ya Mipangilio. Mtumiaji huchagua siku za wiki na saa, basi. Upo pia mpangilio wa pili unaoiachia simu iamue yenyewe inapohitaji kuwashwa upya.

Saa iliyowekwa si ya dakika kamili. Simu hujiwasha upya ndani ya saa moja kuanzia muda uliopangwa, na hufanya hivyo tu iwapo masharti haya yametimia: kioo kimezimwa na simu haitumiki, betri ina zaidi ya asilimia 30, na kadi ya SIM haikufungwa kwa PIN. Sharti moja likikosekana, simu huacha.

Masharti hayo ndiyo sababu ya malalamiko mengi kwamba mpangilio haufanyi kazi. Mtu anayelala simu ikiwa na chaji kidogo kwa sababu umeme umekatika, au ambaye huichaji asubuhi dukani, atakuta wiki zinapita bila simu kujiwasha upya. Vivyo hivyo kwa aliyeweka PIN kwenye laini yake.

Kosa jingine linawahusu wasemaji wa Kiswahili hasa. Saa tisa usiku kwenye simu huandikwa 03:00, si 09:00. Anayeweka tarakimu kama anavyozitamka hupanga saa tatu asubuhi, muda ambao huenda yuko kazini au anasubiri kupigiwa.

Simu nyingine

Baadhi ya simu za Xiaomi, Oppo na OnePlus, pamoja na simu nyingi zilizotumia chipu za MediaTek, zina kitu kinachofanana nacho: ratiba ya kuzima na kuwasha. Tofauti yake ni kwamba mtumiaji huweka saa mbili, moja ya kuzima na moja ya kuwasha. Kati ya saa hizo simu imezimika kabisa, isipokuwa saa ndogo ya ndani inayoendelea kuhesabu na kuiamsha muda ukifika. Anayezima saa 6 usiku na kuwasha saa 11 alfajiri hapatikani kwa saa tano nzima, hata kwa dharura. Kwa anayetaka kuwasha upya tu, saa mbili hizo huwekwa karibu karibu, dakika chache kati yake.

Simu za Google Pixel hazina ratiba ya namna hii katika menyu zake. Kwenye iPhone, programu ya Shortcuts imekuwa na kitendo cha kuzima au kuwasha upya simu tangu iOS 16 ya mwaka 2022, na wenye kupenda kuchezea mipangilio hukiunganisha na saa maalumu.

Kabla ya kufunguliwa mara ya kwanza

Simu janja za sasa huhifadhi data kwa usimbaji fiche. Ufunguo wa kusoma picha, meseji na kumbukumbu za programu hupatikana kwa kuunganisha namba ya siri ya mtumiaji na siri iliyomo ndani ya chipu ya simu. Baada ya namba kuwekwa mara ya kwanza tangu simu kuwaka, ufunguo huo hubaki kwenye kumbukumbu hata kioo kikijifunga. Simu ikizimwa, hupotea. Wataalamu wa uchunguzi wa vifaa huzitaja hali hizi mbili kwa vifupisho BFU na AFU, yaani kabla na baada ya kufunguliwa mara ya kwanza. Simu isiyo na namba ya siri kabisa haina tofauti hiyo: ikiwaka tu, kila kitu kiko wazi.

Kwa hiyo simu iliyojiwasha upya saa 9 usiku hukaa hadi asubuhi katika hali ya kwanza. Alama ya kidole na uso havikubaliki mpaka namba ya siri iwekwe. Kwenye Android, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, data zimegawanywa katika hifadhi mbili: moja ndogo inayosomeka mara tu simu inapowaka, na nyingine kubwa inayongoja namba ya siri. Programu zilizoandaliwa kutumia hifadhi ile ndogo hufanya kazi, na nyingine zote husubiri.

Simu za kawaida za sauti huingia na kuita, ila jina la anayepiga linaweza lisionekane, kwa kuwa orodha ya majina iko upande uliofungwa. Huonekana namba tupu. Kengele ya programu ya saa iliyokuja na Android hulia. Programu za kuongeza, zikiwamo za nyakati za sala na za kumkumbusha mgonjwa kumeza dawa, zinaweza zisilie kabisa kama mtengenezaji wake hakuziandaa kwa hali hiyo. Ujumbe wa WhatsApp hauonekani, na simu za WhatsApp haziiti. Hili la mwisho lina uzito kwa familia ambazo ndugu yao yuko Muscat, London au Minneapolis na hupiga kwa WhatsApp pekee: anayepiga usiku kutoa habari ya msiba au ugonjwa ataona simu haipokewi, na mwenye simu hatajua mpaka aamke na kuifungua. Anayesubiri habari za namna hiyo ni heri asitishe ratiba kwa siku hizo.

iPhone katika hali hii huonyesha namba bila jina, na haijiungi na Wi-Fi mpaka ifunguliwe.

Laini yenye PIN ni jambo la pekee. Simu ikiwaka, laini hiyo haiingii kwenye mtandao mpaka PIN yake iwekwe, hivyo hata simu ya kawaida haiiti. Samsung iliweka sharti lake kwa ajili hiyo. Katika simu zenye ratiba ya kuzima na kuwasha, tahadhari hiyo ni juu ya mtumiaji mwenyewe. PIN ya laini ina kazi yake, kwani humzuia mwizi kuhamishia kadi kwenye simu nyingine na kupokea meseji za benki na za huduma za pesa kama M-Pesa. Kuiondoa ili ratiba ifanye kazi ni kubadilisha ulinzi kwa urahisi, na kwa mtu ambaye laini yake ndiyo pochi yake, mabadilishano hayo si mazuri. Bora aiwashe upya kwa mkono mara moja kwa wiki.

Mtandao uliokuwa ukigawiwa wengine kutoka kwenye simu nao hukatika simu inapojiwasha upya, na kwa kawaida haurudi wenyewe.

Kujiwasha upya kwa ajili ya usalama

Ugumu wa kuvunja simu ambayo haijafunguliwa tangu iwake umezaa aina ya pili ya ratiba, isiyofuata saa ya ukutani bali muda ambao simu imekaa bila kufunguliwa. GrapheneOS, mfumo unaotokana na Android na unaowekwa kwenye simu za Pixel, huwasha simu upya baada ya saa 18 za kufungwa, na mtumiaji anaweza kubadilisha muda huo.

Novemba 2024 tovuti ya habari ya 404 Media iliripoti kwamba polisi nchini Marekani walikuwa wakishangaa kuona iPhone zilizotunzwa kama ushahidi zikijiwasha upya zenyewe na kuwa ngumu kufunguliwa. Walidhani simu hizo zinapeana ishara. Mtafiti wa usalama Jiska Classen alichunguza na kuonyesha kwamba iOS 18.1 ina kipima muda kinachoiwasha simu upya ikipita saa 72 bila kufunguliwa. Aprili 2025 Google nayo, katika maelezo ya masasisho ya huduma za Google Play, ilitaja kipengele kinachowasha upya simu au tableti iliyofungwa kwa siku tatu mfululizo. Vipengele hivi humlinda mwenye simu iliyoibwa na pia humkwamisha mpelelezi mwenye hati halali. Ubishi juu ya jambo hilo haujaisha.

Shirika la usalama la Marekani, NSA, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kuhusu simu za mkononi, lilishauri watumiaji wazime na kuwasha simu zao kila wiki. Sababu ni programu za kijasusi zinazokaa kwenye kumbukumbu tu bila kujiandika kwenye hifadhi ya kudumu. Simu ikizimwa, hufutika. Kinga hiyo si kamili. Anayeendesha ujasusi wa namna hiyo anaweza kuishambulia simu tena kesho yake kupitia kasoro ileile, na kinachoziba kasoro ni sasisho la mfumo.

Programu za nje na vifaa vya kazini

Programu ya kawaida ya Android hairuhusiwi kuwasha simu upya, kwa kuwa ruhusa hiyo ni ya mfumo peke yake. Programu nyingi zinazojitangaza kwa kazi hiyo hufunga tu programu nyingine, au hudai simu ifunguliwe ulinzi wake wa ndani, jambo linalohatarisha programu za benki zilizomo. Nyingine huomba ruhusa ya ufikivu, ambayo huziwezesha kusoma kila kilicho kwenye kioo. Ruhusa hiyo ni kubwa mno kwa kazi ndogo kama hii.

Hali ni tofauti kwa vifaa vinavyosimamiwa na kampuni au taasisi, kama vile tableti za kuuzia dukani au za kukusanyia data. Tangu Android 7.0 programu iliyosajiliwa kuwa msimamizi mkuu wa kifaa inaweza kuamuru kifaa kiwashwe upya, na kwa vifaa hivyo, ambavyo huwaka mchana na usiku bila mtu kuvigusa, ratiba ya kila usiku ni ya kawaida. Nyingi ya tableti hizo hazina namba ya siri ya kioo, hivyo asubuhi mfanyakazi hukuta programu ya kazi iko tayari.