Ung'arishaji wa magadi

Ung'arishaji wa magadi ni mbinu ya ufinyanzi ya kuvika chombo ganda jembamba la kioo kwa kutia magadi ndani ya tanuri lenye joto la nyuzi 1,200 hadi 1,300 za selsiasi. Mvuke wa sodiamu hushikamana na silika na alumina zilizomo katika udongo, na kioo huumbika juu ya chombo chenyewe bila kuchovywa katika rangi. Upande unaopokea mvuke mwingi hung'aa zaidi; upande uliokingwa hubaki mkavu, na wasanii wengi huutafuta utofauti huo kwa makusudi.

Mbinu hii ilitokana na ile ya chumvi iliyoanzia Ujerumani, na ilienea Marekani katika miaka ya 1970 kwa sababu chumvi hutoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki. Magadi yana kasoro yake: hula matofali ya tanuri.

Magadi yenyewe hupatikana Kenya: Kaunti ya Kajiado ina Ziwa Magadi, ambako trona, madini yanayotoa magadi, yamechimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kwa viwanda vya kioo na sabuni. Hata hivyo, ufinyanzi si kazi ya jadi ya Wamaasai wa kaunti hiyo, wanaohifadhi maziwa katika vibuyu. Vyungu vya wanawake wa Kikamba, majirani zao, huchomwa kwa moto wa wazi usiotosha kuyeyusha ganda la aina hii.